Bibi wa Nyuma ya Wavu

Ukitaka kumjua Mueni wa Vårby gård, kule Uswidi, usimuulize habari za dini wala za serikali. Muulize kama timu yake, Shakwe, walifanya vyema kumtoa Hamid kwa Rinkeby na kumchukua yule mrushaji mwenye masharubu. Halafu vua koti ukae, maana hutoki leo.

Mueni ana miaka sabini na mitatu na goti moja zima. Miaka thelathini alisafisha wodi za hospitali, akastaafu, akamzika mumewe, na binti yake Eve akahamia Göteborg kikazi. Waswidi wana dawa yao kwa mtu aliyebaki peke yake: wanampa karatasi yenye majina ya vyama. Kuna chama cha kufuma, cha kuimba, cha kutazama ndege. Mueni alikwenda cha kufuma mara moja tu. Akakuta watu kumi na wawili wamenyamaza saa nzima kama wanasubiri hukumu. Akaaga akatoka. Akiwa njiani kurudi akapitia uwanja ulio nyuma ya maghorofa, na hapo akaona watu wazima wenye ndevu zao wanacheza raunda.

Alisimama palepale na mkoba wake wa nyuzi. Raunda! Ule mchezo wa wasichana wa shule ya msingi kule Machakos, mpira wa soksi na gongo la ubao wa dawati. Mmoja anarusha, mwenzake anapiga, aliyepiga anakimbia kutoka kituo hadi kituo mpaka arudi nyumbani kabla hajanaswa. Hawa waliuita besiboli, wakavaa kofia na glavu za ngozi, wakaongeza sheria nyingi za kuchosha, lakini Mueni hakudanganyika. Raunda ni raunda. Na katika raunda, darasa la saba, kabla hajaachishwa shule, hakuna aliyempita kwa kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele kabla mpira haujapigwa. Hayo anasema mwenyewe. Walioshuhudia wote wako mbali, na wengine hawawezi tena kuulizwa.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu hapo kila Jumamosi ya kiangazi kiti chake cha kukunja kiko nyuma ya wavu, hatua tano kutoka mgongoni kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji audake mpira. Pale unaona kila kitu. Na pale ukisema, unasikika.

Ligi yenyewe ni ya watu wanaocheza baada ya kazi. Hakuna anayelipwa. Klabu ikitaka mchezaji wa wenzake wanabadilishana, nipe wako nikupe wangu, wakubwa wa pande mbili wanatia saini, yameisha. Timu ya Vårby inaitwa Måsarna, yaani shakwe, wale ndege weupe wanaokunyang'anya soseji mkononi. Kwenye kundi lao maadui ni wawili. Rinkeby, kwa maoni ya Mueni, wana vipaji kuliko wote, ila hawajawahi kuanza mchezo wakiwa wametimia. Skärholmen, wanaojiita Fahali, wana nidhamu, wana jezi mpya, na wana Tiana, binti anayerusha mpira ukapita kabla mpigaji hajakumbuka jina la mama yake. Kwa hayo yote, alisema Mueni, Mungu atawauliza.

Kuhusu chipukizi wa Shakwe alikuwa na maneno pia. Lameck, wa huko mbali uwanjani, ana mkono wa ajabu ila akikosea mara moja ananuna mpaka Jumamosi ijayo. "Mpeni miaka miwili na mchumba mkali," alisema. "Atakaa sawa."

Na Kulwa? Hapo ndipo sauti ilipopanda.

Kulwa ndiye mdakaji wa Shakwe. Ana miaka ishirini na minne, fundi wa mabasi, mabega kama kabati, mzaliwa wa hapahapa, wazazi wake watu wa Shinyanga. "Mtoto mzuri, ana adabu, mama yake alifanya kazi," Mueni alikuwa akisema. "Lakini hajui kusimama! Mpira unakuja kulia, yeye yuko kushoto. Adui anakimbia nyumbani, yeye ameacha mlango wazi kama duka la mtu mkarimu. Mpelekeni Skärholmen, mtuletee Tiana." Na kwa kuwa aliamini Kulwa hasikii anachoambiwa, alimpigia kelele zaidi. "Kulwa, kushoto! Inuka! Tupa kituo cha pili! Cha pili, baba!"

Miaka mitatu alisema hayo kwa Filip, mwenyekiti wa klabu, Mswidi mpole anayeuogopa ugomvi kuliko meno kung'olewa. Siku moja ya Juni Filip akamfuata kwenye kiti chake.

"Tant Mueni," alisema, maana huku hata mwenyekiti humwita mama mtu mzima shangazi, "Skärholmen hawana mdakaji. Wa kwao amekwenda Lund kusoma. Wanamuulizia Kulwa. Mimi na mwenzangu wa kule hatuelewani, kila tukikaa tunagombana. Lakini kule wote wanamsikiliza mzee Okech, na huku wote wanakusikiliza wewe, wapende wasipende. Mkikubaliana nyinyi wawili, Jumatatu tunatia saini."

Mueni alijibu kwamba ataangalia nafasi yake. Nafasi ilikuwepo Jumatano, asubuhi na mapema.

Okech alikuwa ameendesha treni za chini ya ardhi kwenye reli nyekundu miaka ishirini na sita, na bado alikaa kama dereva, mgongo wima, macho mbele. Walikutana kwenye mkahawa wa jengo la maduka, Skärholmen. Mueni alivaa kilemba. Jambo kama hili nyumbani linaendeshwa na wazee, na halianzi kwa kutajwa.

"Mama Eve. Magoti?"

"Moja limekubali kushirikiana, Baba Clinton. Na presha yako?"

"Inapanda nikikuona."

Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za padri mpya. Kikombe cha pili kikaisha. Ndipo Mueni akasema, akitazama dirishani, "Nasikia kwenu kuna binti."

"Yupo. Ana mkono mzuri."

"Na sisi tuna kijana."

"Yule anayesimama kushoto?"

"Ni kijana mwenye afya," Mueni alisema kwa heshima.

Okech alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Tumemkubali."

 Mueni alikuwa amejiandaa kumsifu Kulwa kwa saa nzima, uongo ameupanga vizuri mmoja juu ya mwingine, na sasa hapakuwa na pa kuuweka. Wakapeana mikono. Kutoka Skärholmen mpaka Vårby gård ni vituo viwili tu vya treni, na katika vituo hivyo viwili furaha yake ilianza kuwasha kama sweta la sufu. Okech hajawahi kukubali jambo haraka maishani mwake. Hata kwenye mazishi ya mkewe alibishana na padri kuhusu nyimbo.

Filip alitaka kumwarifu Kulwa kwa barua pepe. Mueni alikataa katakata. Mtu haondolewi kwao kwa barua pepe. Aliyelipanga ndiye alitamke, na alitamke akiwa amempa chakula.

Kwa hiyo Alhamisi jioni Kulwa alikuja, akavua viatu mlangoni, akainamisha kichwa. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Kula kwanza."

Alikula chapati nne na ndengu sahani mbili, akasifu, akanawa. Mueni akamweleza. Alitumia maneno ya kuzunguka, akataja hewa nzuri ya Skärholmen, akataja jezi mpya. Kulwa alimsikiliza akitazama mikono yake ambayo oili haitoki tena kwenye kucha.

"Sawa Bibi," alisema.

"Sawa nini?"

"Nitakwenda."

"Hivyo tu? Huna hata neno?"

"Umeshasema, Bibi." Akatazama dirishani. "Nimecheza hapa tangu nina miaka tisa. Uwanja ule nauona kutoka jikoni kwa mama. Lakini kama wakubwa mmekaa mkaona hivyo, sawa."

Kama angebisha, Mueni angekuwa na la kufanya, kubishana alikujua. Upole huu ulimkosesha raha, na mtu akikosa raha hutafuta kosa la mwenzake. "Wewe mwenyewe unajua kwa nini," alisema. "Siku ile na Rinkeby. Yule mtu anakuja nyumbani mbio, wewe ukahama kushoto, akapita kama amealikwa. Kwa nini ulihama?"

Kulwa alishangaa kweli. "Ulisema kushoto, Bibi."

"Nani?"

"Wewe. Ulisema, Kulwa kushoto."

Mueni alikaa sawa kitini. "Na ile ya Mei? Ulisimama mapema, mpira ukapita chini ya miguu?"

"Ulisema inuka."

"Na ile uliyotupa kituo cha pili wakati mtu yuko cha tatu?"

"Ulisema cha pili. Mara mbili. Ukaniita baba."

 Mueni alianza kurudi nyuma mechi kwa mechi, maana kumbukumbu yake haikuwa na ugonjwa wowote, na kila alipouliza "na wewe ulitaka kufanya nini?", Kulwa alimwambia bila kujigamba alichotaka kufanya, na kila mara kilikuwa ndicho hasa.

"Mungu wangu. Kwa nini hukuniacha nipige kelele zangu ukafanya lako? Wachezaji wengine wananisikia?"

"Wengine hawajui Kiswahili, Bibi. Na wanaojua wako mbali." Alikuna shingo. "Kocha aliniambia nijifanye sikusikia. Nitajifanyaje sikusikia mtu mzima akiniita kwa jina? Siku moja niliweka pamba masikioni. Baada ya mchezo ukamuuliza mama kama ninaumwa, mbona leo nakupuuza. Mama alinisema wiki nzima."

Miaka mitatu, basi, mdakaji mbovu wa Shakwe alikuwa bibi mmoja wa Machakos kwenye kiti cha kukunja. Mueni alitamani kucheka na alitamani ardhi ipasuke. Akachagua kuondoa vyombo.

"Mimi nitalirekebisha," alisema akiwa amempa mgongo. "Na wewe kuanzia leo ufanye unachokiona kwa macho yako. Umesikia?"

"Ndiyo Bibi," alisema Kulwa kwa utii, na Mueni akafumba macho. Hata kuasi mtoto huyu alisubiri aamriwe.

Ijumaa alirudi Skärholmen bila kilemba.

"Baba Clinton, lile jambo letu lina kasoro. Kwetu Ukambani ndoa haijafungwa mpaka mbuzi wa ntheo watolewe. Sikuona mbuzi hapa juzi. Niliona kahawa."

"Mimi ni Mjaluo," Okech alisema. "Sisi tumeshakunywa, tumeshashikana mikono, na kijana nimeshamtangaza."

"Kijana hafai, utajuta."

"Hafai?" Okech aliweka kijiko chini, na kwa mara ya kwanza akamgeukia. "Mama Eve, miaka mitatu nakaa upande wa pili namtazama yule kijana. Ananusa mpira kabla haujarushwa. Anaanza kwenda kulia, mguu tayari umeondoka, halafu sauti inatoka nyuma ya wavu, na mguu unarudi. Ndiye mdakaji bora wa kundi zima, na wewe umemkalia shingoni. Unadhani nilikubali haraka kwa sababu ya kilemba chako? Huku kwetu hakuna bibi nyuma ya wavu."

Mueni alisukuma kikombe chake mpaka ukingoni mwa meza, akakirudisha. 

"Ulijua," alisema.

"Fahali wote wanajua. Tuliombeana afya yako."

"Basi nakuambia kwa kinywa changu, na ucheke mpaka uzikwe. Kosa lilikuwa langu. Kijana alikuwa anaheshimu mtu mzima. Anaona kwao kutoka jikoni kwa mama yake, Okech, na mimi nimemtoa kwa ubovu ambao ni wangu. Mwache."

Okech hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alitazama nje ambako watu walikuwa wakipita na mifuko. Kisha jicho lake moja likaanza ule ujanja ambao Mueni aliuogopa.

"Kesho mnacheza na sisi, kwenu. Utakuja ukae kando yangu, upande wa Fahali. Mchezo mzima nisisikie neno kutoka kwako. Si kwa Kulwa tu, kwa mtu yeyote. Ukimaliza kimya, namwachia, Tiana anabaki wetu, Kulwa anabaki wenu. Neno moja tu, Mama Eve, na Jumatatu naleta kalamu yangu mwenyewe."

"Kukohoa?"

"Kukohoa kunaruhusiwa. Kikohozi chenye maana hakiruhusiwi."

Jumamosi Mueni alifika na mandazi ishirini kwenye mkebe. Mpango ulikuwa mwepesi: kila neno likitaka kutoka, likute njia imejaa. Manyunyu yalikuwa yakidondoka tangu asubuhi. Alikaa kando ya Okech, akajifunika leso mabegani, akatafuna.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Kulwa alipochuchumaa aligeuka akatazama mahali pa kile kiti, akakuta majani matupu. Mpira wa kwanza ukamponyoka. Fahali wakapata mzunguko mzima mpaka nyumbani, yaani pointi, kisha wa pili. Mueni alikula mandazi matatu kwa mpigo.

"Lameck amesimama mbali sana leo," Okech alisema kwa upole. "Au naona vibaya? Wewe huna maoni?"

Mueni alitafuna.

"Na yule masharubu mliyemchukua badala ya Hamid. Nasema hamkuibiwa. Ama mliibiwa?"

Andazi la tano. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya sukari.

Lakini katikati ya mchezo kitu kilibadilika. Mtu wa Fahali alijaribu kuiba kituo cha pili, na Kulwa, ambaye hakuambiwa na yeyote, aliinuka akatupa mpira mmoja wa chini, mnyoofu kama uzi wa fundi cherehani. Mtu yule akanaswa hatua mbili kabla hajafika. Kulwa akaitazama glavu yake kama ya kuazima. Baada ya hapo hakugeuka tena nyuma. Alimpigia mrushaji wake ishara, akamsogeza huyu, akamwita yule, na mara moja Mueni alimsikia akipaza sauti, sauti nzito ambayo hakuwahi kujua kwamba kijana anayo. Shakwe walisawazisha. Mwishoni kabisa wakawa mbele kwa mzunguko mmoja.

Ikabaki kumnasa mtu mmoja tu mchezo uishe. Fahali walikuwa na mkimbiaji kituo cha pili, na mpigaji wao mkubwa ameshika gongo. Mkebe wa mandazi ulikuwa umebaki makombo.

Gongo likalia. Mpira ukaruka mpaka kwa Lameck, na mkimbiaji akakata kona ya kituo cha tatu akija nyumbani na kichwa chini. Lameck akauokota, akautupa kwa ule mkono wake wa ajabu. Na katika muda ule mfupi, mpira ukiwa angani na mtu akiwa mbioni, Kulwa aligeuza kichwa. Alimtafuta upande wa pili wa uwanja, akampata, akamtazama kama mtoto anayeuliza aketi wapi.

Neno lilikuwa limefika kwenye meno ya Mueni. Lilikuwa "kushoto", na lilikuwa kubwa. Hata kwa kidole angeweza kumwonyesha, Okech asijue.

Alinyanyua leso akajifunika uso wote.

Ndani ya leso hakuona kitu. Alisikia viatu vikija, alisikia ngozi ikipokea mpira, alisikia miili miwili ikigongana na watu wote wakishikilia pumzi. Halafu Okech, kando yake, akasema kwa Kijaluo lile neno fupi analolisema Fahali wakifungwa, ambalo hajawahi kukubali kulitafsiri mbele ya wanawake.

Mueni hakuitoa leso.

"Umeisha, Mama Eve," Okech alisema. "Unaweza kusema."

"Alisimama wapi?"

"Kulia."

Leso ilitulia kidogo. "Na mimi ungenisikia nasema wapi?"

"Najua ungesema wapi. Nilikuwa naomba."

Kulwa alikuja akiwa na matope mpaka masikioni, anacheka na meno yote, kisha akakumbuka adabu. "Shikamoo Bibi. Shikamoo Mzee. Bibi, nilikutazama ukafunika uso."

"Jua lilikuwa kali," Mueni alisema, maji ya mvua yakimtiririka puani.

Okech alimpa kijana mkono, akakaa nao kuliko ilivyo kawaida, kama anayeaga. "Baki kwenu," alimwambia. "Tutajifunza kuishi." Akainuka, akampigia Mueni saluti ya dereva wa treni, akaondoka na Fahali wake.

Kulwa alikichukua kiti cha kukunja, kama kawaida yake kila Jumamosi. Safari hii akasimama nacho. "Wiki ijayo nikuwekee wapi, Bibi? Palepale?"

Mueni alikuwa na jibu, na lilikuwa ni palepale. Alilimeza; siku hiyo alikuwa na mazoezi ya kumeza. "Wewe unaonaje?"

Kulwa alifikiri, akautazama wavu, akautazama uwanja wote. Kisha akaanza kutembea. Akapita kituo cha kwanza. Akapita mwisho wa mstari mweupe. Akaendelea kuelekea kwenye ile miti myeupe ya mpakani, ambako hata mpira haufiki.

"Kiasi, Kulwa!" Mueni alipiga kelele. "Kulwa! Hapo panatosha! Baba!"

Alisikia, maana alipunga mkono. Lakini aliendelea kwenda.